Tambi za nazi siku gesi ilipoisha

Gesi iliisha saa tisa na nusu alasiri, kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 2023, siku ambayo mvua ya masika ilikuwa haijakatika tangu usiku. Mwali ukageuka manjano chini ya sufuria ya kunde, ukayumba, ukazimika. Niliunyanyua mtungi wa kilo 6 kwa mkono mmoja, nikajua hakuna kitu. Kunde zilikuwa zimeiva, mihogo imeiva. Zilibaki tambi za nazi, nazo ndizo Mamkubwa alizowaahidi majirani wa chini.

Nikampigia muuza gesi wa mtaani kwetu. Mitungi yake yote mitupu, na gari la kubadilishia lilikuwa ng'ambo ya Jangwani. Mto Msimbazi ulikuwa umefurika na Barabara ya Morogoro imefungwa pale bondeni. Sisi tuko Magomeni, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo mkaa hauruhusiwi. Jikoni kulikuwa na birika la umeme la lita 1.7 na maikrowevu ya lita 20, wati 700.

Kazi yangu ni ufundi wa vyombo vya umeme. Maikrowevu zinazoletwa karakanani zimenifundisha namna ya kuzipikia, maana nyingi huja zimeharibiwa na chakula kilichofurika. Wanga na mafuta hurukia kile kibati cha mika, madini yanayostahimili joto, kilicho ukutani mwa ndani, upande wa kulia, ambacho watu wengi hawajui kipo. Uchafu ule ukikauka huungua, ukawa mkaa, mkaa ukaanza kutoa cheche. Mwenye nayo hudhani mashine imekufa, kumbe ni kipande cha mika cha kubadilisha.

"Moto wake uko wapi?" Mamkubwa aliniuliza. Alikuwa amekuja kutoka Tanga kufunga nasi, na tayari alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi ya tatu.

Nikamwambia haina moto. Mle ndani kuna kitu kinaitwa magnetroni, kinatoa mawimbi yanayogeuka mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Maji yaliyomo kwenye chakula huyameza mawimbi hayo yakapata joto. Bakuli la kioo huachwa hivi hivi, likipata moto ni kwa sababu limeguswa na maji.

Akakung'uta mkono, akawaza kidogo. "Basi kinachopika ni maji."

"Ndivyo, Mamkubwa."

Alitaka tutie pakiti nzima ya nusu kilo kwa mara moja, kwa kuwa wageni walikuwa wanane na jua linakimbia. Nikamwomba tugawe mara mbili. Sahani inayozunguka kwenye mashine ya ukubwa ule ina upana wa sentimita 24 na nusu, na bakuli letu la kioo la lita 2.5 ndilo kubwa kuliko yote yanayoweza kuzunguka bila kugonga ukuta. Gramu 250 za tambi na lita moja ya maji hufika chini kidogo ya nusu ya bakuli hilo, na nusu ya juu lazima ibaki tupu kwa ajili ya povu. Tambi zikichemka hutoa wanga, wanga hushika mapovu ya mvuke yasipasuke, yanapandana. Juu ya jiko utapuliza au utapunguza moto. Ndani ya mlango uliofungwa unakuja kushtuka maji yameshateremka kwenye mota iliyo chini ya sahani.

Kabla ya lolote nilipima nguvu. Alasiri ya Ramadhani kila jiko la umeme mtaani linafanya kazi, na umeme ukipungua maikrowevu za transfoma, kama ile, hupoteza nguvu haraka kuliko taa zinavyoonyesha. Kipimo chake ni rahisi: weka lita moja kamili ya maji ya bomba, pima joto, washa dakika moja kwa nguvu zote, koroga, pima tena. Kila nyuzi moja iliyoongezeka ni kama wati 70. Mashine ya wati 700 ikiwa timamu huongeza nyuzi kumi. Siku ile maji yalitoka 28 yakafika 36. Nane mara 70 ni 560. Kwa hiyo kila dakika nilizozoea niliziongezea robo. Anayeona tambi zake zinatoka ngumu leo na jana zilikuwa sawa, kwa muda uleule, aanzie hapo kabla ya kulaumu pakiti.

Maji niliyachemshia kwenye birika. Lita moja kuitoa kwenye nyuzi 28 hadi 100 ndani ya maikrowevu yenye wati 560 ni dakika tisa hata kama hakuna joto linalopotea, na hupotea. Birika la wati 2,000 hufanya kazi hiyo kwa dakika tatu hivi. Tena maji matupu yakichemshwa peke yake ndani ya bakuli laini yanaweza kupita nyuzi 100 bila kutoa hata povu moja, ukayagusa kwa kijiko yakaruka usoni. Ila birika na maikrowevu visichomekwe kwenye ekstensheni moja. Birika wati 2,000, maikrowevu inavuta kama 1,150 ili itoe 700, jumla inapita ampea 13 za fyuzi ya plagi. Nilichemsha kwanza, nikazima, ndipo nikawasha nyingine.

Bakuli nililisuuza kwa maji ya moto kidogo, nikaliweka juu ya kitambaa kikavu. Kioo kilichopoa kikimiminiwa maji yanayochemka juu ya vigae vilivyolowa kinaweza kupasuka palepale. Kisha tambi nikazivunja vipande vitatu vitatu. Tambi za nazi huvunjwa hata zikipikwa jikoni, lakini humu kuna sababu ya ziada: ncha inayochungulia nje ya maji hukauka, ikabaki ngumu kama kijiti, na sehemu iliyozama ikishaiva huwezi kuisubiri ile ya juu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kimoja cha mafuta. Mafuta hayazuii tambi kushikana, watu husema hivyo bure. Yanapunguza povu, na kwa hilo nayataka.

Dakika mbili na nusu kwa nguvu zote mpaka maji yalipoanza kuchemka tena. Nikafungua, nikakoroga kwa mwiko mpaka chini. Hapa ndipo tambi nyingi za maikrowevu zinapoharibikia. Ndani ya dakika tatu za mwanzo wanga wa juu huvimba ukawa gundi, na kila tambi iliyolala juu ya mwenzake hushikana nayo. Kwenye sufuria maji yanayopinduka huzitenganisha yenyewe. Kwenye maikrowevu maji hutulia zaidi, na mawimbi hayafiki mbali ndani ya bakuli, sentimita chache tu, kwa hiyo kingo huchemka na katikati kumezubaa. Mkono wako ndio unaopindua. Nilikoroga tena dakika moja baadaye, na tena baada ya mbili.

Kisha nusu ya nguvu, dakika kumi. Ukisikiliza mashine ya namna ile utasikia inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Haipunguzi mawimbi. Inayawasha kwa muda na kuyazima kwa muda, na katika ule unyamavu povu hushuka. Sikufunika bakuli. Mamkubwa alisogeza kiti akawa anaangalia kwenye kioo cha mlango, tasbihi mkononi, na kila povu lilipopanda alinyanyua kidole, likishuka akakiteremsha.

Kuonja hatukuweza, tumefunga. Alichukua tambi moja, akaikata kwa kisu, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Katikati palikuwa na kidoa cheupe, chembamba kama ncha ya sindano. "Bado kidogo," akasema. Nikafunika kwa sahani nikaacha dakika nne bila umeme. Alipokata ya pili kidoa hakikuwepo.

Tulichuja maji yaliyobaki, tukatia tui zito kikombe kimoja cha robo lita, sukari gramu 75, iliki nne zilizotwangwa. Nusu ya nguvu, dakika nne, kukoroga mara mbili. Tui halitaki kuchemshwa kwa fujo: likichemka sana hukatika, mafuta yakaelea juu na chini pakabaki majimaji yenye chembechembe. Zile za kwanza zilitoka vizuri, kila tambi imevaa tui lake. Mamkubwa alizinusa, akazimiminia kwenye sinia bila kusema neno. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

Fungu la pili lilikuwa kwenye dakika ya nne tangu niwashe. Nimeshakoroga mara mbili, maji yanachemka, nimeanza nusu ya nguvu. Sahani ikasimama. Feni la sebuleni likasimama. Mtaa mzima ukawa kimya, ikabaki mvua.

Nilibaki nimeshika mlango. Tambi za dakika nne ni ngumu ndani na zina ute nje, na kufuturisha watu wanane kwa fungu moja ni kuwapa kijiko kijiko. Nilianza kuhesabu nani jirani ana gesi.

"Lete hotpoti," Mamkubwa akasema.

"Hotpoti ina chuma ndani, haiingii..."

"Umeme haupo, itaingia wapi? Umesema kinachopika ni maji. Maji si yana moto?"

Birika lilikuwa na maji yaliyobaki, bado ya moto. Akayatia kwenye hotpoti, akayazungusha, akayamwaga, ili chombo kisiibe joto la tambi. Ndipo akamimina tambi na maji yake yote, akapindua mara moja, akafunga, akaifunika kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Akaniambia nisiiguse mpaka robo saa ipite.

Wanga wa ngano huanza kuvimba kwenye nyuzi kama 60, na protini inayoikaza tambi hushikamana kabla maji hayajafika nyuzi 80. Mchemko wenyewe hauhitajiki. Unachohitaji ni maji ya kutosha na joto lisilotoroka, na hotpoti iliyojazwa zaidi ya nusu hulinda joto hilo vizuri kuliko bakuli lolote la kioo. Mwaka 2022 mwanafizikia wa Italia Giorgio Parisi, aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 2021, alieneza jambo hilihili, kwamba tambi zinaweza kumalizikia kwenye maji yaliyozimiwa moto mradi kifuniko kikae juu, na baadhi ya wapishi wa kwao wakamjia juu. Nilikuwa nimesoma habari hiyo na haikunijia kichwani nikiwa nimeshika ule mlango. Mamkubwa hakuwa amesikia lolote kuhusu Parisi. Wali wake huumalizia hivyo tangu nikiwa mtoto.

Dakika ya kumi na tano akafungua, akakata moja kwenye mwanga uliobaki dirishani. Haikuwa na kidoa. Zilikuwa laini kuliko za kwanza kwa kadiri ndogo sana, na hazikushikana, kwa kuwa mikorogo miwili ya mwanzo ilikuwa imeshafanyika kabla umeme haujakatika. Bila ile, hotpoti ingetutolea donge moja.

Tui la fungu la pili lilikuwa la baridi, na kulimwaga hivyo kungezipoza tambi. Akachujia maji ya tambi kwenye bakuli la kioo, akasimamisha jagi la tui ndani yake, akalikoroga taratibu mpaka likawa vuguvugu. Upawa mmoja wa maji yale ya wanga akauchanganya kwenye tui likashika zaidi. Sukari, iliki, akafunga tena dakika tano. "Hizi zisilale," akaniambia. "Tui halikuchemka. Ziliwe leo, daku tutakula kitu kingine."

Adhana ya magharibi ilisikika hafifu kwa sababu ya mvua, spika ya msikiti haikuwa na umeme. Tulifuturu kwa taa ya simu. Watoto wa chini walimaliza sinia ya fungu la pili kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyowekwa karibu yao, na hakuna lililobaki la kulala.

Umeme ulirudi watu wakiwa kwenye tarawehe. Niliweka bakuli la maji yenye vipande vya ndimu ndani ya maikrowevu, dakika tatu, nikaacha mlango umefungwa mbili zaidi ili mvuke ulainishe uchafu, kisha nikafuta kuta na kile kibati cha mika kwa kitambaa laini. Kulikuwa na madoa mawili ya wanga, yakatoka bila kukwangua.

Kesho yake gari la gesi likavuka Jangwani na mtungi ukaja. Mamkubwa akabandika sufuria, akachemsha tambi dakika nne huku anakoroga, akazima jiko, akafunika, akaenda kusali alasiri.