Farasi Ndani ya Kanisa la Mells

Nilipotoka stesheni ya Frome basi la Mells lilikuwa limeshaondoka, na la pili mpaka alasiri. Nikajisemea, maili tatu ni kitu gani kwa mtu aliyekulia Korogwe? Kumbe barabara za vijiji vya Somerset hazina pa kukanyaga mtembea kwa miguu. Ni kinjia chembamba, ua wa miti umepanda kupita kichwa kila upande, na gari likija unajibanza kwenye miiba mpaka lipite. Mvua nayo ilikuwa ile ya Novemba ya Uingereza, haishiki wala haikatiki. Nilifika viatu vikilia chubwi chubwi.

Aliyenipeleka kule ni maneno ya mwenzangu wa kazini, tunakofanya kazi Bristol. Aliniambia kuna kanisa la kijijini lina farasi ndani. Nikadhani utani.

Kabla ya kanisa nikakuta nguzo ya mawe kando ya njia, juu yake Mtakatifu George akimuua joka. Ni ukumbusho wa vijana wa kijiji waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ulizinduliwa 1921. Aliyeuchora ni Edwin Lutyens, yule yule aliyechora Cenotaph, ukumbusho wa vita ulioko London. Mashada ya maua mekundu ya karatasi yalikuwa bado chini yake, yamelowa, rangi imeanza kuchuruzika kwenye jiwe. Nikasoma majina moja moja kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kuna na maneno, na wanaosema ni wafu wenyewe: tulikufa katika nchi ya ugeni tukilikabili wingu jeusi la vita, na jiwe hili tumesimamishiwa hapa nyumbani, palipokuwa furaha yetu. Hiyo “nchi ya ugeni” ilinikaa kooni. Nilikuwa nimesimama kwenye ya kwangu.

Kanisa la Mtakatifu Andrea liko mbele kidogo, mnara mrefu kuliko kijiji kinavyostahili. Ndani hamkuwa na mtu ila bibi mmoja akipunguza mashina ya maua kwa mkasi. Akanitazama viatu, akanitazama usoni, akacheka: “Umekuja kumwona farasi.”

Si utani. Ni farasi wa shaba, kazi ya Alfred Munnings, amesimama juu ya kitako cha mawe, na mgongoni kijana kichwa wazi, kofia yake ya chuma imening’inia kwenye tandiko. Huyo ni Luteni Edward Horner, mtoto wa jumba kubwa la hapo kijijini, mrithi wa mwisho wa kiume. Alikufa karibu na Cambrai, Ufaransa, Novemba 1917. Kwenye kitako wamepachika msalaba wa mbao uliotoka kaburini kwake kule. Mbao za kawaida tu, kama za kreti. Nilizunguka nyuma ya farasi nikautazama huo msalaba kuliko nilivyomtazama farasi.

Ukutani kwenye mnara kuna ukumbusho wa shemeji yake, Raymond Asquith, aliyeuawa Somme, Ufaransa, Septemba 1916, baba yake akiwa bado Waziri Mkuu wa Uingereza. Juu shada la shaba, chini maneno ya Kilatini ambayo Eric Gill aliyachonga moja kwa moja kwenye ukuta wa kanisa. Vita havikuchagua, ni kweli. Ukumbusho ulichagua: wa jumba kubwa farasi, wa kijiji mstari mmoja kwenye nguzo. Hata hivyo nilikuwa na wivu na ule mstari mmoja.

Kwa sababu sanamu yetu ya Askari pale Dar es Salaam, ya 1927, imeandikwa kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Izunguke sanamu nzima, jina la askari hata mmoja hulioni. Wapagazi nao wametajwa kwa jumla, kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Walichobakiza wao ni Kariakoo, jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililogeuzwa Kiswahili, nasi twende tukanunue vitunguu.

Kwetu alikuwapo mmoja, babu yake bibi. Waingereza waliingia Korogwe Juni 1916 wakiwafukuza Wajerumani, na yeye akachukuliwa kubeba mizigo. Na nani, hakuna anayejua, maana pande zote mbili zilikamata watu. Hakurudi.

Bibi wa maua akanisogezea kitabu cha wageni. Nikaandika jina langu, Korogwe, kisha nikataka kuongeza la yule mzee, kalamu ikasimama. Nikatoka nje nikampigia mama, nimejikinga mvua chini ya miti iliyopogolewa kama kuta, si mbali na kaburi la Siegfried Sassoon, mshairi aliyepigana vita hivyo akapona.

“Shikamoo mama. Yule babu yake bibi, aliyebebeshwa mizigo, aliitwa nani?”

“Marahaba. Babu Mizigo.”

“Jina lake, mama.”

Kimya. Nikasikia redio yake, na jogoo.

“Sisi tulikuwa tunamwita hivyo hivyo. Jaribu mjomba wako.”

Mjomba alikuwa hapatikani. Nikarudi ndani, bibi akawa ameshakifunga kitabu na anatafuta funguo, nami basi langu lilikuwa limebakiza dakika kumi.