A41 na nukta tatu

Juzi binti yangu alikuwa anatafuta karatasi za kuchorea, akaibuka na daftari langu la redio, lile la jalada gumu ninaloandikia kila kituo ninachoongea nacho hewani. "Baba, mbona hapa hukumaliza kuandika?" Mimi nilikuwa nanyoa ndevu, wala sikuhitaji kugeuka. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: megahezi 14.2, saa kumi na mbili na robo jioni, A41, halafu nukta tatu.

Ilikuwa 2011, mwaka wa mgao. Leseni ya kuongea hewani ninayo, redio nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Tanga, lakini umeme unakuja kama mgeni, hauagi wala haupigi hodi. Mjomba, mwenye pikapu, akanipa betri ya gari lake kwa sharti moja: iwe imesharudi garini kabla ya adhana ya alfajiri, maana ana machungwa ya kufuata Muheza. Mama akakataa katakata betri isiingie ndani, itamwaga asidi kwenye mkeka wake. Basi betri ikakaa barazani, redio chumbani, na katikati nikavuta mita sita za waya wa spika. Huo waya usahauni kidogo, kama nilivyousahau mimi.

Akili yangu yote ilikuwa kwenye antena. Nilikuwa nimepiga hesabu: 143, namba ya kanuni ya antena, gawanya kwa megahezi 14.2, unapata mita kumi na ushee, kila upande mita tano. Nikakata kwa kuzidisha, nikijua kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Ncha moja kwenye mnazi, ncha nyingine kwenye mwembe, kebo ikashuka katikati. Nikaweka redio wati 10, nikabonyeza. Mita ya SWR, inayoonyesha antena inavyoikubali redio, 1 ikiwa ndiyo safi kabisa, ikasoma 3. Nikishuka kuelekea 14.0 inapungua, nikipanda inazidi, maana yake waya bado mrefu. Teremsha, kata sentimita tano kila upande, pandisha, pima. Teremsha tena. Mtoto wa jirani niliyemlipa kwa kashata alipanda ule mwembe mara nne. Kufika saa kumi na moja jioni tulikuwa kwenye 1.3, nami najiona fundi.

Nikaanza kuita. "CQ, CQ, CQ..." Mama, toka uani: "We mwanangu, unamwita nani?"

"Yeyote, Mama."

"Yeyote ndiye nani?"

Hapo ndipo akaja. Kwanza niliona mshale unatikisika, kisha sauti ya mwanamume, nyembamba, imefunikwa na mchakarisho kama mtu anayekaanga dagaa. Alfa, nne, moja, na herufi zilizofuata zikamezwa. Jina la kituo likianza na A41, ni Oman. Mkono uliokuwa na kalamu ukaanza kutetemeka. Alizungumza Kiingereza, ananisikia kwa taabu, nirudie herufi za kituo changu, na kama naweza niongeze nguvu. Akamalizia kwa kuuliza, ni Tanga? Sasa hilo neno hakulitamka Kiingereza. Alilitamka kama mtu anayemtaja shangazi yake.

Ningerudia herufi tu. Wati 10 zilikuwa zimeshafika Oman, na mtu ameshajibu! Lakini nimeambiwa niongeze nguvu, nami kitufe cha nguvu kinafika 100. Nikakizungusha mpaka mwisho, nikavuta pumzi, nikasema, "Ndiyo, hapa Tanga..."

Kwenye "Ta" taa ya kioo ilififia. Kwenye "nga" redio ikazima.

Ikajiwasha yenyewe. Nikarudia, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni uziwi wa Mwomani. Ikazima upesi zaidi. Nikakimbilia barazani kutikisa vibano vya betri, vimekaza. Nikarudi mbio, nikakumbuka kushusha nguvu, nikaita, nikaita tena. Dagaa tu zinakaangwa. Niliita mpaka Mama akaleta chai, akaiweka karibu na redio, asiulize tena ni nani.

Alfajiri nilimsaidia Mjomba kufunga betri. Nilipomsimulia, alichukua ule waya wa spika akaupima kwa vidole viwili. "Ulishaona wapi stata ya gari inafungwa na hii?" Nikaenda kupiga hesabu niliyopaswa kuipiga tangu mwanzo. Kwa wati 100 redio ile inavuta kama ampea 20. Kwenye mita sita za kwenda na sita za kurudi za waya ule, karibu volti 3 zinapotelea njiani. Betri barazani inasoma 12.4, chumbani inafika 9 na kitu, na kitabu cha redio kinasema isishuke chini ya 11.7. Wati 10 hazikuniumbua kwa sababu zinavuta kidogo. Nilikuwa nimehesabu sentimita za antena juani mchana kutwa, na chakula cha redio nimekipitisha kwenye mrija wa soda.

Oman nimeongea nayo mara nyingi tangu hapo, kwa waya nene na betri iliyokaa mguuni pangu. Kila nikisikia A41 natega sikio nione kama atalitaja jina la mji wangu vile. Huenda alizaliwa huku. Huenda masikio yangu tu yalitaka hivyo.

Binti bado alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Nikamwambia betri iliisha. Akauliza kama anaweza kuchana ukurasa ule achoree, una nafasi kubwa. Nikampa wa nyuma.