Mama, kiti mwendo na Barabara ya Morogoro

Jumamosi nilimsukuma mama kwenye kiti mwendo chake, kutoka Magomeni kuelekea Manzese. Alitaka kununua kitenge mwenyewe, akishike kwa mkono wake.

Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, iliwekewa pia njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Nilifurahi kweli. Mahali njia ilipo wazi, kiti kinateleza chenyewe, na mama huanza kuimba kaswida.

Kisha tukafika palipokosa mfuniko wa mtaro. Shimo lile lilikuwa na upana wa gurudumu la mbele, limechomekwa tawi la mwarobaini kama alama. Kando yake bodaboda sita zimeegeshwa. Ikabidi tushuke barabarani, daladala zinatupigia honi, mama ameshika mikono ya kiti mpaka vidole vimekwajuka.

"Mwanangu, turudi," akasema.

Kijana mmoja wa bodaboda akaruka, akasogeza pikipiki tatu, akanisaidia kunyanyua kiti. "Samahani mama, hatukufikiria."

Naamini hawakufikiria. Wala aliyeacha mtaro wazi hakumfikiria kipofu mwenye fimbo, wala mtoto anayeendesha baiskeli kwenda shule. Nimeshapeleka picha serikali ya mtaa. Jumatatu narudi kuuliza, na mama amesema tunakwenda wote.