Lengai, mlima ambao sisi wa Arusha tumewaachia wageni

Watu wa Arusha tukiulizwa habari za milima tunakimbilia Kilimanjaro, ambao hata si wetu ni wa Moshi, au Meru tunaouona kila asubuhi tukifungua dirisha. Ol Doinyo Lengai tumewaachia wazungu na wanajiolojia. Hapo tunajinyima kweli, maana huu ndio mlima pekee duniani ambao mpaka leo unatoa lava ya magadi!

Ukitokea Mto wa Mbu lami unaiaga, unapita Selela, unapita Engaruka, vumbi mwanzo mwisho, halafu unauona umesimama peke yake katikati ya Bonde la Ufa, umechongoka kabisa na juu mweupe. Mgeni akiona ule weupe anadhani ni theluji, kumbe wapi, ni lava ya zamani. Inatoka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, joto lake ni nyuzi 500 na kitu tu wakati lava za kawaida zinaweza kupita 1,000, na ikishapigwa na unyevu wa hewa inageuka nyeupe, wala haichukui muda mrefu. Mwanajiolojia Barry Dawson alipoeleza mambo haya miaka ya 60 mwanzoni ilikuwa habari mpya kabisa kwa wenzake.

Kupanda sasa. Mnaanza usiku wa manane sababu jua la kule halina huruma na njiani hakuna mti, hakuna maji, hakuna kibanda. Mlima wenyewe ni kama mita 2,960 hivi, mtu wa Kilimanjaro anaweza kuudharau, ila haukupi kona za kupumzikia, ni kupanda tu moja kwa moja kwenye majivu, mguu unapanda hatua moja unarudi nusu, na huko juu unatambaa kwa mikono kwenye mwamba mkali unaochana glavu. Kijana wa Kimasai aliyetuongoza alikuwa na fimbo na kandambili za matairi, nikimuuliza "bado mbali kaka?" ananijibu "hapo tu". Saa nzima baadaye bado ni hapo tu. Aise!

Juu harufu ya salfa inakukaba, mvuke unatoka kwenye nyufa, na kreta ni shimo refu ambalo hata kusogelea ukingo magoti yanagoma. Shimo hilo ni kazi ya mlipuko wa 2007. Julai mwaka ule ardhi ilianza kutetemeka mpaka Nairobi wakasikia, Septemba ukalipuka, majivu yakamwagika kwenye malisho na wafugaji wakalazimika kuhama na mifugo yao. Kwa Wamasai hapo ni kwa Engai, Mungu mwenyewe, na mpaka leo watu wanakwenda chini ya mlima kuomba mvua, au mama aliyekosa mtoto anakwenda kuomba uzazi, kwa hiyo ukiwa pale punguza kelele na hilo spika lako bana.

Ila mimi kilichonishika zaidi kiko chini. Ukisimama juu kukipambazuka unaliona Ziwa Natron lote, na magadi yake yanatokana na miamba ya volkano na chemchemi za moto za bonde hili. Kwenye tope hilo kali ndiko flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanakozalia, maana fisi na mbweha hawathubutu kuvuka. Halafu karibu na kijiji cha Engare Sero kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, watu walipita kwenye tope la majivu ya mlima huu huu, likakauka, likatunza kila kidole. Umri wake unakadiriwa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi, na watafiti wanasema kuna kundi la watu 17 walikuwa wanatembea pamoja, wengi wao wanawake. Nyingine zinaonyesha kabisa mtu alikuwa anakimbia, sijui alikuwa anakimbia nini.

Kama unapanga kwenda, nenda miezi ya kiangazi, beba maji mengi kuliko unavyodhani, tochi ya kichwa, na viatu ambavyo huvionei uchungu. Usirudi Arusha siku hiyo hiyo, kushuka kunamaliza mapaja kuliko kupanda, lala Engare Sero, kesho yake wakupeleke kwenye maporomoko ukaoge.