Siku yangu moja wodi ya watoto, kwa wanaosema manesi tunachezea simu

Saa 11 alfajiri nishaamka. Maji, chai, unifomu niliyoinyoosha jana, bodaboda mpaka hospitali, hapo hakuna cha kusimulia.

Saa 1 na nusu tunapokezana ripoti. Mi ndo inchaji wa wodi ya watoto, hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, na kabla sijashika kitabu cha ripoti namwangalia kwanza usoni nesi aliyetoka nait. Leo ni binti mwenye diploma yake ya miaka 3, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo, ila ajira hajapata, anajitolea kwa posho ambayo hata kodi ya chumba haimalizi. Usiku kucha alikuwa peke yake na watoto arobaini na kitu, vitanda vingine wamelala wawili wawili, na mmoja kafariki, aliletwa na malaria kali keshaanza degedege. Anasoma ripoti vizuri kabisa, nani kachomwa artesuneti saa ngapi, nani anasubiri damu. Akifika kwa yule mtoto anaruka, anaenda kitanda kinachofuata. Nikamwambia mwanangu usiondoke kwanza, kaa chumba cha dawa unywe chai, nakuja.

Saa 2 mpaka saa 4 ni raundi ya daktari, sindano, kanula, kutandika.

Baada ya hapo ikaja damu ya mtoto wa pembeni mwa dirisha, damu imemwishia, kipimo kinasoma gramu 4 tu, mweupe mpaka viganja. Naomba mnielewe hapa. Ukimtundikia mtu damu, ile robo saa ya kwanza nesi haondoki pale, kwasababu ikimkataa mara nyingi inaanza kuonyesha muda huo huo, homa, vipele, kubanwa pumzi. Unapima joto, unapima mapigo, na pumzi za mtoto unazihesabu dakika nzima, hauhesabu nusu ukazidisha mara mbili. Saa ya ukutani ilishakufa zamani, kwahiyo natumia simu yangu. Niko katikati ya kuhesabu, akaja baba mmoja na simu yake juu anarekodi, "Oneni jamani, dripu ya mwanangu imeisha tangu saa ngapi, nesi yuko bize na simu, ndo kodi zetu hizi!" Siwezi kumjibu maana nikifungua mdomo hesabu inapotea naanza upya, nikanyoosha mkono asubiri, akasema mmeona dharau, akaita na shangazi zake kutoka nje, wodi nzima ikageuka, akina mama wengine wanamwambia baba punguza sauti watoto wanashtuka naye ndo anazidi, namwonyesha mwanafunzi wa fildi kwa kidole akaifunge ile dripu, baba anamzuia eti hataki mwanafunzi anataka nesi, na nesi mwenyewe nimesimama pale na mtoto wa watu na damu inaingia.

Robo saa ilipoisha nikamfuata. Shikamoo baba, njoo uone. Nikamwonyesha zile sekunde kwenye simu, nikamwonyesha chati, nikambadilishia dripu. Akanyamaza. Ile video kama kaifuta au kaituma hakuniambia.

Binti wa nait aliona yote mlangoni. Akaniuliza, "Dada, itakuwa hivi miaka yote?" Mwenzake aliyesoma naye anashughulikia karatasi za kwenda Saudi Arabia, na yeye anafikiria. Simlaumu hata kidogo. WHO kwenye ripoti yao ya 2025 wanasema dunia imepungukiwa manesi milioni 5.8, wenye hela watawatafuta popote walipo, na sisi tunaye huyu hapa, kasomeshwa, ana leseni, anaijua kazi, tunamwacha usiku peke yake na msiba mikononi na asubuhi hakuna wa kumuuliza umeamkaje. Nikakaa naye. Alilia, tukapitia faili la yule mtoto aliyefariki mstari kwa mstari, nikamwonyesha kila alichofanya kilikuwa sahihi, maana asingejua hilo angeondoka nalo nyumbani kama kosa lake. Mimi miezi yangu ya mwanzo inchaji wangu hakuniacha nait peke yangu, ndo maana niko hapa mpaka leo.

Mchana sikumbuki vizuri, wameletwa wa nimonia wawili, oksijeni ya kugawana, zamu ya jioni mmoja kapiga simu anaumwa ikabidi nishikilie mpaka apatikane mwingine, miguu imevimba, wali nimekula umepoa jioni.

Kabla ya kutoka nikapeleka rosta ya mwezi ujao kwa matroni. Nait nimeandika wawili wawili, mkongwe na mgeni. Akasema mchana nitabaki na nani, na ni kweli mchana natoboka. Nikamwambia nitoboke mimi mchana, usiku daktari yuko mbali na mgeni hana wa kumuuliza. Hajasaini bado, kasema nirudi kesho saa 3.