Mwalimu wa hesabu aliyemwangusha kigogo Kentucky kwa kura 123

Mei 2018, R. Travis Brenda, mwalimu wa hesabu wa sekondari katika kaunti ya Rockcastle, jimbo la Kentucky nchini Marekani, alimbwaga Jonathan Shell kwenye mchujo wa Republican, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama. Shell alikuwa kiongozi wa wabunge wa chama chenye wengi katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Waliachana kwa kura 123.

Kilichomponza ni Muswada wa Seneti namba 151. Ulianza kama muswada wa huduma za majitaka, kurasa 11. Tarehe 29 Machi kamati ikafuta maneno yote na kupachika mageuzi ya pensheni, kurasa 291, na mabaraza yote mawili yakaupitisha siku hiyohiyo: 49 kwa 46, kisha 22 kwa 15. Walimu wa Kentucky kwa kawaida hawamo kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa, kwa hiyo pensheni ya jimbo ikiguswa hawana pengine pa kushika. Ndiyo maana walichachamaa.

Kwa nini majitaka? Katiba ya jimbo, kifungu cha 46, inataka muswada usomwe siku tatu tofauti katika kila baraza, na kikao kilikuwa ukingoni. Muswada wa zamani ulishasomwa tayari, kwa hiyo siku zikaokolewa. Ujanja huo ndio ulioua sheria yenyewe: tarehe 13 Desemba 2018 Mahakama ya Juu ya Kentucky iliibatilisha, kwa kuwa kilichosomwa kilikuwa muswada wa majitaka.

Kuna jambo watu hulisahau katika zile kura 123. Mchujo wa Kentucky umefungwa: anapiga kura aliyejiandikisha na chama hicho, na mwisho wa kuhama chama ni 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Hasira zilikuja Machi. Mwalimu aliyeandikishwa Democrat hakuwa na la kufanya. Shell aliangushwa na Republican wenzake, na huko Rockcastle ukishashinda mchujo wao, uchaguzi mkuu wa Novemba ni kama kukamilisha taratibu tu.

Kazi yenyewe ya ubunge ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Muhula wa mwakilishi ni miaka miwili: mwaka usiogawanyika kwa mbili kikao hakizidi siku 30, unaogawanyika hakizidi 60. Kikao cha pili kinapoanza Januari, wapinzani nao wanachukua fomu. Mbunge mgeni ana siku 30 tu za kujifunza kazi kabla hajaanza kuwindwa. Mchujo wa 2020, uliosogezwa hadi Juni kwa sababu ya korona, Brenda akaupoteza kwa Josh Bray, tena kwa kura chache. Tina Bojanowski, mwalimu wa elimu maalumu wa Louisville aliyeshinda 2018 kwa tiketi ya Democrat, yeye alibaki bungeni.

Mwaka 2021 hoja ya pensheni ilirudi, safari hii kama muswada wa Baraza namba 258, na uliwahusu walimu watakaoajiriwa kuanzia Januari 2022. Gavana Andy Beshear aliukataa. Kuitengua kura ya turufu ya gavana wa Kentucky hakuhitaji theluthi mbili: zinatosha kura 51 kati ya 100 za Baraza na 20 kati ya 38 za Seneti. Wakaitengua.