Upepo wa kuchezea santuri

Tabora, Jumapili usiku

Mvua imeanza tangu adhuhuri, na mvua ikinyesha najua mkono wa gramafoni, ule unaobeba sindano, utaleta kiburi. Mkono wangu hauna egemeo la kuzungukia kama mikono ya kawaida. Kuna bomba jembamba la chuma, na kola inayolizunguka inaelea kwenye hewa inayosukumwa na kompresa niliyoitoa kwenye friji bovu. Sindano huenda moja kwa moja kuelekea katikati, njia ileile ya kisu kilichochonga santuri. Hewa ikipungua, kola inagusa bomba, na sindano ndiyo inayoukokota mkono mzima.

Mwezi mzima nimekosea kwa kudhani upepo ukizidi ndiyo heri. Juzi nilimwomba fundi pancha geji yake, nikamwambia nataka psi kumi tu, yaani kipimo cha msukumo wa hewa. "Mwalimu, kumi hiyo si pancha?" Nikaona aibu, nikapandisha hadi ishirini. Spika zikaanza kuvuma kama mtu anayepoza chai kwa mdomo.

Leo nimeshusha kidogokidogo. Kila hatua nanyanyua sindano, napuliza mkono polepole, naangalia kama unateleza bila kusita. Kwenye nane ulikwama. Kwenye kumi na mbili uliteleza vizuri, ila ukazidi kwenda wenyewe hadi upande wa dirisha. Nikarudi kuulaumu upepo, kumbe meza imeinama! Pima maji ya seremala jirani na kipande cha boksi chini ya mguu mmoja vilimaliza ugomvi huo. Chupa ya kunasia maji ya unyevu wa hewa nimeimwaga mara mbili. Ndani yake kuna na mafuta ya kompresa, machafu kweli.

Saa mbili nikaweka bendi ya Tabora Jazz, santuri ndogo ya marehemu baba, ya mizunguko 45 kwa dakika. Tundu lake haliko katikati sawasawa, hivyo mkono unakwenda na kurudi kila mzunguko, nenda rudi, nenda rudi. Mvumo hakuna. Gitaa la pili, ambalo miaka yote nilidhani ni mkwaruzo, nimelisikia.

Kisha umeme ukakatika. Sauti ikazama taratibu, kompresa kimya, lakini mtungi bado una hewa na mkono unaelea. Nikapapasa gizani, nikanyanyua sindano kabla haujatua.